Ukoo wa Mdudu

Simu kutoka kliniki iliita wakati fundi makochi amejaza misumari mdomoni. Ndivyo wafanyavyo kazi mafundi wa kushona makochi: misumari midogo ya vichwa bapa inalala ndani ya shavu, ulimi unausukuma mmoja hadi kwenye midomo, vidole vinauchukua, nyundo inagonga. Barakoa aliyoamriwa aivae muda wote alikuwa ameishusha kidevuni, ikaning'inia kama mfuko wa kuhifadhia ndevu. Hakuweza kusema haloo. Alinyoosha kidole tu kuelekea meza ya kukatia vitambaa, na dada yake, aliyekuja kumjulia hali na hakuwahi kungoja kuombwa mara mbili, akaidaka simu.

Mtaani walimwita dada huyo Spika. Kila simu aliyoishika aliiweka kwenye sauti kubwa, iwe yake au ya mtu, maana kusikia habari peke yake aliona ni uchoyo.

"Haloo! Ndiyo, ni kwa fundi! Sema tu, mwenyewe yupo, ana misumari mdomoni!"

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua, mwanamke wa maneno machache, na asubuhi hiyo foleni yake ilikuwa imefika getini. Nyuma yake watu walisikika wakikohoa kwa kupokezana.

"Mwambie majibu ya vinasaba yametoka. Vya baba na vya kijana havihusiani kabisa. Ni koo mbili tofauti. Kumbe vya kijana havikutoka kwa baba. Kesho waje wote, na mama asikose, nina maswali."

Simu ikakatika.

Muuguzi alikuwa anazungumzia vimelea vya kifua kikuu. Vimelea nao wana vinasaba vyao, na maabara kubwa inaweza kuvisoma ikasema huyu na yule wametoka tumbo moja au hawajuani. Mtu yeyote pale kliniki angemwelewa. Lakini hakuwa akizungumza na mtu wa kliniki. Alikuwa akizungumza na Spika, na kwa Spika neno vinasaba lilikuwa na kazi moja tu duniani: kumtafuta baba wa mtoto.

Fundi alitema misumari kiganjani. Mmoja ulikataa kutoka, akakohoa, ukatoka.

"Umesikia?" dada yake akauliza.

"Nimesikia."

"Koo mbili!"

"Nimesikia, dada."

"Na makohozi walichukua. Redioni walisema, ukitaka kujua mtoto ni wa nani, mate tu yanatosha. Makohozi ni nini? Si ni mate yaliyokomaa?"

Fundi aliangalia nje dirishani, kule uani alikokuwa amekaa mwanawe juani. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi kiasi kwamba wapangaji wote wa ua ule walimwita Stuli. Mwanawe aliinama kila mlango, nao wakamwita Mlingoti. Kwa miaka mingi majina hayo mawili yalitajwa pamoja na watu wakacheka, na fundi akacheka nao, akisema kijana alifuata wajomba zake. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alijaribu kuwakumbuka hao wajomba. Wote walikuwa wafupi.

*

Kijana ndiye aliyeanza kuugua. Kifua kikuu kilimwangusha kwa pupa: homa, jasho, damu kwenye leso, suruali ikabaki imeshikwa na mkanda tu. Alipopimwa ikaonekana ni kile cha kawaida kinachosikia dawa, akaanzishiwa vidonge, akaanza kurudi. Ndipo wakapimwa wengine wa nyumbani. Mama hakuwa na kitu. Baba, aliyekuwa na kikohozi cha kuazima tu, kinachokuja na kuondoka, akakutwa nacho. Tena kifua kikuu sugu, kile kisichotikisika kwa dawa za kawaida.

Fundi aliipokea habari hiyo kama sifa.

"Sugu!" alimwambia kinyozi, jirani yake wa chumba cha pili. "Tazama mikono hii. Ina sugu tangu ujana. Kifua nacho kikiwa na sugu kuna ajabu gani? Kijana kapewa kile laini na kimemlaza. Mimi nimepewa kigumu, na nyundo naishika."

"Kaka, rudi nyuma kidogo unapoongea," kinyozi alimjibu.

Sifa hazikudumu. Mama mmoja aliyekuwa ameleta makochi yake yavishwe upya alikuja kuyachukua kabla hayajaisha, akaondoka na kiti kisicho na mikono, leso puani. Kwenye bomba la uani wanawake walianza kumtengea mkewe nafasi kubwa ambayo hakuiomba. Fundi aliambiwa akae chumba chake peke yake, dirisha wazi usiku na mchana, na ameze dawa mpya, nyingi, mbele ya macho ya mtu. Macho yaliyochaguliwa yalikuwa ya mkewe. Kila jioni fundi alimeza huku akimtazama mwanawe kwa jicho la lawama, maana alikuwa ameshaamua nani kamletea.

Sasa alikuwa na lawama kubwa zaidi.

*

Mkewe alirudi jioni jua likiwa bado juu. Alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana moja, cherehani zimepangwa safu kama madawati, na alikuja na furushi la kola za kumalizia nyumbani. Alikuta ua umetulia. Ua ule haukuwa na tabia ya kutulia.

"Simama hapohapo!" sauti ya mumewe ikatoka dirishani.

"Nina mzigo, mume wangu. Ngoja niutue."

"Usiniite mume wangu. Vinasaba vimetoka."

"Vimetoka wapi?"

"Kliniki! Huyu mtoto si wangu!"

Pale bombani ndoo ilijaa, ikamwagika, na mwenye ndoo hakuona. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimenyolewa. Akazima mashine ili asikie vizuri.

Mama aliweka furushi chini taratibu. Alimtazama Mlingoti aliyekaa kizingitini, mifupa ya magoti imechomoza, anamenya chungwa kana kwamba habari inamhusu mtu mwingine.

"Nani kakuambia?"

"Sista wa kliniki. Kwa simu. Na dada alisikia."

"Dada akisikia, mtaa mzima umesikia."

Spika akatokea mlangoni, amejifunga mtandio kiunoni, tayari kwa kazi. "Wifi, mimi sina ugomvi na wewe. Mimi napenda haki tu. Sista kasema koo mbili. Sikusema mimi, imesema mashine."

"Mimi urefu ule nilikuwa nimeuona zamani," kinyozi akamnong'oneza mteja wake, lakini ule utulivu ukaipeleka sauti yake mbali.

"Umeona nini, shemeji?" mama akamgeukia.

"Nimeona... ni mrefu tu, shemeji. Mrefu."

"Urefu hauazimwi kwa jirani," mtu akasema bombani, na mwingine akacheka akaficha mdomo.

Mama hakulia. Watu waliotega macho wapate machozi walibaki hivyo hivyo. Alimsogelea wifi yake hadi Spika akarudi hatua moja.

"Sawa. Tukapime watu. Lakini wifi, tukianza kupima tusichague. Tupime ukoo wenu wote, tuanzie juu. Wewe hapo umejaza mlango, na kaka yako anatosha kwenye droo. Mnafanana nini? Tukipeleka makohozi yenu tutasikia koo ngapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Spika alifungua mdomo pakatoka kikohozi badala ya neno, kikohozi kirefu kilichomwinamisha.

"Moshi wa jiko," alisema akijifuta.

Lakini fundi alikuwa ameshapanda juu, na mtu mfupi akishapanda juu hapendi kushuka watu wakimwona. Alitangaza pale dirishani kwamba mkewe akusanye vyake. Alitangaza kwamba dawa hamezi tena, maana ameze apone amwachie nani kazi ya makochi? Alitangaza na mengine, mpaka pumzi ikamwishia.

Mlingoti akamaliza chungwa lake, akasimama, akainama kwenye dirisha la baba yake. Kwa kuzoea alisimama upande ambao upepo haumjii usoni.

"Sasa nikuite nani?"

"Niite fundi."

"Haya, fundi. Vidonge vya leo umemeza?"

"Sikumeza."

"Fundi, meza vidonge."

"We kijana, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Mimi si wako. Lakini vidonge ni vyako, fundi."

Fundi akaangalia pembeni. Kuitwa fundi na sauti ile kulimchoma mahali asipopategemea, na hasira ikamzidi kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu kwa hilo.

Ndani, mama alikuwa anafunga begi. Alikunja nguo zake, akafunika cherehani yake kwa shuka. Hakuna aliyemsikia akibamiza kitu. Mwanawe alipoingia alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemtuma dukani:

"Kesho tunaenda wote kliniki. Nataka kusikia kwa masikio yangu. Nikifika kwetu nitaulizwa nimeachwa kwa kosa gani, na mimi mwenyewe silijui."

"Mama, twende wote huko kwenu."

"Wewe una dawa zako hapa. Utabaki na fundi."

*

Walitoka asubuhi kwa msafara ambao ua mzima ulitoka kuuangalia. Fundi mbele, barakoa mpaka chini ya macho, safari hii si kwa ajili ya afya bali aibu. Mlingoti nyuma yake. Kisha mama na begi lake. Mwisho Spika, ambaye hakualikwa, akieleza njiani kwamba shahidi lazima awepo.

Kliniki ya kifua ilikuwa na mabenchi nje, chini ya paa lisilo na kuta, ili hewa ipite. Muuguzi aliwaita kwenye kona yao. Aliliangalia begi.

"Mbona mmekuja na begi? Leo hatulazi mtu."

"Sista," Spika akaanza, "sema tu, usituonee haya. Sisi ni watu wazima. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Mtoto gani?"

"Huyu hapa."

Muuguzi alimtazama Mlingoti toka miguuni kwenda juu, safari iliyochukua muda. "Mnaniuliza mimi?"

"Si ulisema vinasaba vya baba na vya kijana havihusiani? Koo mbili?"

Muuguzi akamtazama mama. Akalitazama begi tena. Halafu akaziba mdomo juu ya barakoa yake, mabega yakaanza kutikisika, akageuka ukutani, na foleni nzima ikashangaa kumwona yule mwanamke mkali anacheka mpaka anapangusa macho kwa kiwiko.

"Mzee," alisema aliporudi, "tulimpima mdudu. Sikiliza vizuri. Mdudu. Aliye ndani ya kifua chako, na aliye ndani ya kifua cha huyu kijana. Wewe mwenyewe hatuna shida na vinasaba vyako. Hatukuviomba na hatuvijui."

"Mdudu?" fundi akasema.

"Mdudu. Tulitaka kujua nani kamwambukiza nani humo ndani. Tumekuta hakuna. Mdudu wako na wake hawajawahi hata kusalimiana."

Mama alikalia begi lake.

"Lakini sista," fundi akajikongoja, akitafuta pa kushikilia, "tazama nilivyo mimi na alivyo yeye. Mimi ninacho kile kibaya na natembea. Yeye anacho kile laini na nusura tumzike. Kama ni damu moja..."

"Ni mdudu, mzee, si damu. Wa kijana anakufa kwa dawa, lakini ni mwenye pupa, aliingia na kuvunja kila kitu siku za mwanzo. Wako amebadilika, amejua kuzikwepa dawa. Wengine wakibadilika hivyo wanazidi ukali. Wako inaelekea ujuzi huo umempunguzia mbio. Anakutafuna polepole kama mchwa kwenye fremu ya kochi. Kitambaa juu kinang'aa, wewe unakaa, unajisifu. Siku fremu ikikatika hutakuwa na muda wa kushangaa. Ugumu wa mdudu si ugumu wako. Jana umemeza?"

"Hakumeza," Mlingoti akasema.

Muuguzi alileta vidonge na kikombe cha maji, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Fundi akageuka pembeni, akashusha barakoa, akameza kimoja kimoja, mbele ya mkewe, mbele ya dada yake, mbele ya foleni iliyokuwa haina la kufanya zaidi ya kumhesabia.

"Vizuri. Sasa maswali yangu," muuguzi akaendelea. "Ukoo wa mdudu wako tunaujua. Tumeupata kwa watu wengine wanne. Majina sitaji. Nikamuuliza kila mmoja, unakaa wapi kwa muda mrefu, mahali pasipo na hewa? Wote wamenitajia chumba kimoja cha karata. Wanakaa humo jioni, mapazia yameshushwa, na madirisha yamezibwa kwa sponji kelele zisitoke nje. Wamekataa kunitajia mwenye chumba. Wanasema wamekula kiapo. Mzee, hicho chumba unakijua?"

Fundi alitoa kikohozi kidogo ambacho hakikuwa cha kifua kikuu.

"Sponji," mama akasema polepole kutoka kwenye begi lake. "Sista, hao watu walisema sponji ya rangi gani?"

"Mmoja alisema ya bluu."

"Ya bluu." Aliinuka. "Mume wangu, sponji ya bluu ya yule mteja ililiwa na panya. Hukuniambia hivyo? Panya waliila yote, hawakuacha hata punje. Na toka mwaka jana kila jioni unaenda wapi?"

"Kwa dada," fundi akasema chini ya barakoa.

"Kufanya nini?"

"Kutengeneza kochi lake."

"Kochi gani hilo lisiloisha, mume wangu? Lina chumba na sebule?"

Watu wawili kwenye foleni wakacheka waziwazi. Mlingoti aliangalia angani, midomo imebanwa. Kila mtu wa nyumba ile alijua fundi aliwahi kuipoteza cherehani ya mkewe kwenye karata, na kwamba alipiga magoti akaapa hatazigusa tena. Cherehani iliyofunikwa shuka nyumbani ilikuwa ya pili, na mama aliinunua mwenyewe.

Wote wakamgeukia Spika, mwenye chumba. Spika alikuwa anatafuta njia kati ya mabenchi, na kwa umbo lake njia hazikuwa nyingi. Haraka ilimletea kikohozi, kile kirefu, kikamkamata akiwa ameshika nguzo.

"Mama," muuguzi akamwita, "hicho umeanza lini?"

"Hiki? Hiki ni moshi. Moshi wa jiko."

Muuguzi alichomoa kikopo cheupe chenye kifuniko, akamwekea mkononi.

"Basi nenda kule nyuma, utoe huo moshi, uutie humu."

Wakamsikia akikohoa kule nyuma kwa muda. Mlingoti akamwinamia baba yake sikioni.

"Fundi," alisema, "wakimpima mdudu wa shangazi akafanana na wako, itakuwa mmethibitika kuwa ndugu."

"Niite baba, we mtoto," fundi akasema.

*

Njia nzima ya kurudi fundi alitembea nyuma. Aliomba kumbebea mkewe begi, hakupewa. Alisema samahani mara kadhaa, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa asichojua kama kitatosha. Mkewe alikuwa anafikiria pale bombani, na ile ndoo iliyomwagika, na kicheko kilichofichwa mdomoni. Alikuwa amekaa ua ule miaka mingi, na kesho asubuhi angekwenda tena kuteka maji palepale.

Walipofika hakuingia ndani. Aliliweka begi katikati ya ua, akakaa juu yake.

"Ingia chumbani kwako," alimwambia mumewe. "Fungua dirisha. Jana ulisema kwa nguvu gani?"

"Mke wangu, tuongee ndani."

"Jana hukuniambia ndani."

Fundi aliingia. Dirishani kikaonekana kichwa chake, na kwa kuwa dirisha lilikuwa juu, kilionekana kuanzia puani. Wanawake wa bomba wakafunga maji wenyewe safari hii. Kinyozi akatoka na mteja wake, shuka shingoni.

"Jamani," fundi akaanza.

"Hatusikii," mama akasema.

"Jamani! Yale ya jana! Aliyepimwa ni mdudu!"

Ua ukasubiri.

"Mdudu gani, kaka?" kinyozi akauliza.

"Mdudu wa kifua! Ndiye mwenye koo mbili! Vinasaba vilikuwa vyake, si vyetu!"

"Kwa hiyo mdudu ndiye si wako?"

"Mdudu ni wangu!"

"Na mtoto ni wa mdudu?"

"Mtoto ni wangu!" fundi akapiga kelele, amepanda juu ya kitu huko ndani, sasa anaonekana mpaka kifuani. "Mdudu wangu na mtoto wangu! Na karata nilicheza! Na mke wangu hana kosa, hakuwahi kuwa na kosa, mimi ndiye mpumbavu wa ua huu!"

"Hilo la mwisho tulikuwa tunalijua," mtu akasema bombani, na safari hii hakuna aliyeficha mdomo.

Mama hakucheka. Aliinua kidole kuelekea chumba cha mwisho kabisa, karibu na choo, ambacho mpangaji wake alikuwa amelala na mlango umefungwa kwa sababu alifanya kazi zamu ya usiku.

"Yule hajasikia," alisema. "Jana alikuwa macho. Rudia."

Fundi akavuta pumzi, akakohoa pembeni kama alivyofundishwa, akarudia tangu mwanzo.